Chupa za Benzini na Mbegu za Dani

Mwanangu Atieno,

Leo ni Sabato, saa tisa mchana, nawe bado uko kanisani na vijana wenzako wanaokuaga kwa nyimbo. Sanduku lako liko karibu na mlango. Tulilifunga jana kabla jua halijatua, kwa hiyo sina kazi ila kukaa hapa mezani na kalamu. Kuhusu chandarua, nauli na wavulana sitakuandikia neno. Hayo nimekuimbia mpaka ukajifunza kuitikia bila kusikia, nami ni mwalimu, ninaijua sana ile "ndiyo, Mama" ya mtoto ambaye masikio yake yamekwenda sokoni.

Ninakuandikia kwa sababu nilikudanganya.

Wiki tatu zilizopita ulikuwa umeketi kwenye kiti hiki hiki, ukisoma kitabu cha kemia ulichoazima ili usifike chuoni mikono mitupu. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Ukainua kichwa, ukaniuliza, "Mama, kwa maabara ya Baba kulikuwanga na benzini?" Nikakujibu bila hata kusimamisha vidole vyangu kwamba haikuwepo, kwamba benzini haimo kwenye silabasi ya sekondari na shule zetu haziiweki. Ukasema sawa, ukarudi kwenye ukurasa wako. Uliniamini papo hapo, na hilo lilinikata maini kuliko kama ungenibishia.

Ilikuwepo, Atieno. Chupa nne kubwa za kahawia. Niliyeziomba ni mimi.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa ya kutwa, ndogo, ndani ndani huko mbele ya Oyugis. Jina lake unalijua na sina haja ya kuliandika. Nilifika nikiwa na digrii mpya na kichwa kikubwa kuliko digrii yenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa akinisifu mbele ya wazazi, kwamba hata shule za bweni hazina mwalimu kama mimi, na wahenga hawakukosea kuhusu mgema na tembo. Wenzangu walifundisha kilichoandikwa, wakaenda zao. Mimi nilitaka wanafunzi wangu waione benzini.

Utacheka, lakini niliipenda. Wengine chuoni walipenda wanaume, mimi nikapenda molekuli. Kaboni sita zimekaa kwa duara, kila moja na haidrojeni yake. Ukihesabu elektroni, hesabu inakuambia vifungo vitatu viwe maradufu na vitatu viwe vya kawaida, vikipishana, kifupi, kirefu, kifupi, kirefu. Wanaopima wakapima, wakakuta vyote sita vina urefu mmoja, katikati ya kile kifupi na kile kirefu. Zile elektroni sita za ziada hazina mwenyewe. Umewahi kuona matangani wanawake wakipokezana mtoto mchanga mpaka mgeni asijue mama ni yupi? Ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi, kisha ninajisahihisha, maana mfano huo una kasoro: kwenye benzini mtoto hapokezwi, yuko mikononi mwa wote sita kwa wakati mmoja. Ndiyo maana imetulia kuliko hesabu inavyosema. Ukiilazimisha ipokee haidrojeni, joto linalotoka ni pungufu sana kuliko ulilotarajia, kwa sababu tayari ilikuwa imekaa chini kabisa.

Basi nikasikia kuna chuo kimoja kinasafisha stoo yake na kugawa vitu vya zamani. Nikaandika barua. Chupa zikaletwa na pikapu ya shule, zimefungwa kwa magunia, vibandiko vyake vimeliwa na unyevu hata havisomeki. Aliyezipokea na kuzipanga rafuni alikuwa baba yako.

Ochieng' alikuwa fundi wa maabara. Hakuwa amemaliza chuo, karo iliisha katikati, lakini mikono yake ilijua kazi. Alichonga vishikio vya neli kwa mbao za masanduku ya nyanya. Aliniita Madam siku ya kwanza, akaniita Madam siku aliponiposa, na hata ulipozaliwa aliwaambia watu kwamba Madam amejifungua. Alikuwa mtu wa utani wa chini chini, huku uso wake umetulia kama wa mzee wa kanisa.

Tulikuwa na somo letu mimi na yeye, somo la benzini, na nililifundisha kila mwaka kwa kidato cha nne ingawa hakuna mtihani ulioliuliza. Ochieng' alinipangia meza. Kwanza nilichukua mafuta ya kupikia, nikayatikisa na maji ya bromini, na ile rangi ya chungwa ikapotea mbele ya macho yao. Kisha nikachukua benzini, nikaitikisa vivyo hivyo. Rangi haikupotea. Ilihama tu kutoka kwenye maji, ikapanda juu kwenye benzini na kukaa pale. "Mmeona?" ninawauliza. "Imekataa." Halafu Ochieng' alileta unga wa chuma aliousaga mwenyewe kwa kupiga tupa msumari. Tukatia chuma hicho kwenye benzini pamoja na bromini yenyewe, na sasa ikakubali, mvuke mkali ukapanda hadi tukakohoa. Hata hapo haikukubali kuvunja duara lake. Ilitoa haidrojeni moja, ikaweka bromini mahali pake, na duara likabaki kama lilivyokuwa. Mwisho niliwasha kidogo kwenye kisahani ili waone moshi wake mweusi mzito. Alama ya masizi iko kwenye dari ya maabara ile mpaka leo, kama hawajapaka rangi.

Sasa kosa lenyewe. Ilikuwa muhula wa kwanza baada ya chupa kuja. Ochieng' alikuwa akisugua bomba za gesi zilizoshika grisi, na mafuta ya taa yalikuwa yameisha. Aliona jinsi benzini inavyoyeyusha mafuta upesi. Akaja mlangoni mwa darasa langu, akanifanyia ishara nitoke, akaniuliza, "Madam, hii kitu nikioshea vyombo haiwezi niunguza mikono?"

Nikamjibu mbele ya wanafunzi wachache waliokuwa karibu. "Benzini? Hiyo ni tulivu. Haina neno na mtu."

Nilisema hivyo huku nikicheka kidogo, kama mtu anayeulizwa kitu rahisi. Alinishukuru. Tangu siku hiyo, Atieno, kwa zaidi ya miaka mitano, baba yako alioshea benzini vyombo vya grisi, akafutia alama za nta kwenye chupa za kioo, akatolea rangi mikononi. Alifanyia ndani ya stoo, dirisha limefungwa kwa sababu ya wezi. Alirudi nyumbani na harufu yake tamu kwenye shati, ukamrukia shingoni. Nami nilipenda harufu hiyo. Nilisema inanikumbusha chuo.

Je, sikujua? Ninataka kukujibu vizuri hapa kwa sababu jibu linaanzia chuoni, na huko ndiko utakakoishi miaka minne. Niliwahi kuambiwa. Mhadhiri wetu alisema siku moja, huku anakusanya karatasi zake, kwamba benzini ni ya kushikwa chini ya kabati la kufyonza hewa na kwamba inakwenda kwenye damu. Hakuandika ubaoni. Haikuja kwenye mtihani. Nikakumbuka umbo kwa sababu liliulizwa, nikasahau sumu kwa sababu haikuulizwa. Hivyo tu. Ningependa kukupa sababu kubwa zaidi, lakini sina.

Ulikuwa na miaka mitatu alipoanza kuchoka. Mwanzoni tulisema malaria, akameza dawa. Tukasema taifodi, akadungwa sindano. Kisha fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki, na ukimkamata mkono kwa mchezo, vidole vyako vidogo vinaacha alama ya samawati. Tukaenda hospitali ya mbali zaidi. Wakamwongezea damu, ikaisha, wakamwongezea tena. Daktari alikuwa kijana mpole. Alituketisha sote wawili akauliza, "Mzee anafanyanga kazi gani? Kuna kemikali yoyote anashika huko kazini?"

Ochieng' alikuwa amelala nusu. Nilimjibu mimi. Nilisema ni maabara ya shule tu, vitu vya watoto.

Lile neno kemikali lilipotoka kinywani mwa daktari ndipo nilipomkumbuka mhadhiri na karatasi zake. Nilikumbuka sentensi nzima, hata sauti yake. Nikafunga mdomo. Niliogopa Ochieng' afungue macho aniangalie. Daktari akaandika alichoandika. Pengine hata ningesema kweli asingeweza kumrudisha, ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Pengine pia sio benzini, maana saratani ya damu humpata hata mtu ambaye hajaona maabara. Hakuna aliyewahi kunithibitishia, na hakuna atakayeweza. Nimeishi na hiyo pengine miaka kumi na mitano, na ninakuambia haishibi.

Alikufa mwezi wa tatu, kabla ya mvua kushika vizuri. Hujui chochote cha siku zile ila kile kiatu chako kilichopotea matangani, ambacho unakitaja mpaka leo.

Ninachokuja kukuandikia sasa ni kibaya zaidi ya chupa.

Wewe hupenda kumtania Dani kwamba ndiye nyanya pekee Kasipul nzima mwenye shamba lakini ananunua mahindi sokoni Oyugis. Yeye hucheka, anabadilisha mazungumzo. Sikiliza sababu yake. Unajua kwamba Dani, mama wa baba yako, ni mke wa pili wa babu yako, na kwamba nyumbani kwao mke mkubwa ndiye hutangulia kutia mbegu udongoni, wengine wakafuata. Mwaka mmoja kabla baba yako hajaugua, mvua ilikuja mapema. Mke mkubwa alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Dani akaona maji yanapotea bure, akachukua jembe, akafukia mbegu mistari mitatu karibu na jiko lake. Mistari mitatu tu. Ochieng' alipolala kitandani, mtu akaukumbuka mwiko huo uliovunjwa, na neno chira likaanza kupita nyumba hadi nyumba: kwamba laana imemwingia mtoto kupitia mikono ya mama yake mwenyewe.

Siku ya mazishi Dani alinijia nyuma ya nyumba, akanishika mikono yote miwili. Aliniuliza kwa Dholuo, polepole, kwamba mimi niliyesoma nimwambie: je, kweli ni zile mbegu?

Nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa nalo mdomoni. Na nikafikiri, Mungu anisamehe, kwamba kama ni mbegu, basi si mimi. Nikamwambia, "Mama, mimi mambo ya dala, mila za nyumbani, siyajui." Akaniachia mikono.

Tangu siku ile Dani hajashika mbegu. Wakwe zake wengine wamemsihi, mchungaji amemwombea, hataki. Shamba lake unaloliita uwanja wa mpira limekuwa nyasi kwa sababu yangu. Yule mama amejiona muuaji wa mwanawe miaka yote hii, huku akinitumia njugu na kuniombea kazi nzuri. Niliomba uhamisho nikaja nawe hapa Migori, watu wakasema mjane amejikaza. Nilikuwa nakimbia macho ya mama mkwe wangu.

Wiki ya mwisho kule shule niliimwaga chupa iliyobaki kwenye shimo la choo, nayo ilikuwa kosa lingine, ukizingatia kisima kilipo. Kibandiko kilichokuwa juu yake nilikibandua. Ochieng' alikuwa ameandika vipya badala ya vile vilivyoliwa na unyevu. Kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto ameandika jina la benzini, na chini yake: "Ya Madam. Usiguse bila ruhusa." Aliwakataza wengine wote. Yeye mwenyewe alikuwa na ruhusa yangu.

Baadaye nilisoma, nikachelewa kusoma, kwa nini mwili hushindwa na kitu kilichotulia hivyo. Kuna ndugu yake benzini anayeuzwa ndani ya rangi na gundi, duara lilelile ila limeota mkono mmoja wa kaboni. Huyo naye si mwema, lakini ini likimpata humshika kwa ule mkono, humbadilisha, humtoa nje kwa mkojo. Benzini haina mkono. Ini linazunguka na kuzunguka, halioni pa kushika, mwisho hulishambulia duara lenyewe, na vipande vinavyotoka hapo huenda hadi kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapopikwa. Nilifundisha miaka yote kwamba imetulia. Ni kweli imetulia. Sikuwahi kujiuliza imetulia kwa faida ya nani.

Uliponiuliza pale mezani, hiyo ilikuwa mara ya tatu kuulizwa swali lilelile katika maisha yangu, na mara ya tatu nikajibu uongo. Mbili za kwanza nilikuwa na kilio cha kujificha nyuma yake. Mara hii nilikuwa na ungo wa mchele. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, nikaona heri nianze na mwenye deni la zamani. Jumatano, nilipokuambia ninakwenda kwa mkutano wa walimu, nilikwenda kwa Dani.

Nilimkuta anapepeta maharage ya kununua. Nikamwambia yote, kuanzia barua niliyoiandikia chuo hadi mikono yake iliyoniachia nyuma ya nyumba. Nilimwambia kwa Dholuo cha mtu aliyekaa mjini, nikikwama, nikirudia. Hakulia wala hakunitukana. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Ulinyamaza mbele ya jeneza la mwanangu," akasema. "Leo nikuamini kwa nini? Labda umeona nimezeeka, unanihurumia, umenitungia hadithi. Mtoto amesoma hayo mambo. Atieno akiniambia ni kweli, nitasikia. Yeye hajawahi kunidanganya."

Nikaondoka. Njiani ndani ya gari sikuweza hata kufungua dirisha. Mwanamke huyu ninaweza kumtua mzigo kwa neno moja, na neno langu halina thamani kwake tena. Lako ndilo lenye thamani. Na wewe utalitoa kwa kuniamini mimi, niliyekudanganya wiki tatu zilizopita ukiniangalia usoni. Nimeligeuza jambo hili pande zote na sioni njia nyingine.

Kwa hiyo nimeweka kibandiko ndani ya bahasha hii. Mwandiko wa baba yako unaujua kutoka kwenye ile Biblia yake. Linganisha. Usiniamini mimi, mwamini yeye.

Huko chuoni watakufundisha duara hili kwa uzuri kuliko nilivyoweza. Utalipenda, ninakujua, una ugonjwa wangu. Lipende. Lakini mhadhiri anapokusanya karatasi zake na kusema jambo kwa sauti ndogo, simamisha kila kitu uliandike. Na mtu wa mikono akija mlangoni kukuuliza kama kitu kitamdhuru, hata kama umesimama mbele ya watu wanaokusifu, mwambie, "Subiri kwanza nikaangalie." Maneno matatu. Mimi yalinishinda.

Najua unaweza kunichukia. Nimejiandaa kidogo kwa hilo, ingawa si sana. Usinipigie kesho ukiwa bado na hasira kwa ajili ya kunifurahisha tu. Nitakupa bahasha hii ukishakalia kiti chako, na utaisomea njiani, maana mimi ni mwoga bado na siwezi kuona uso wako ukisoma.

Gari lako la Eldoret litapita Kisii, kisha Oyugis. Pale Oyugis husimama dakika kumi kuchukua abiria. Dani atakuwepo steji tangu asubuhi na njugu zako kwenye karatasi, amejifunga kitambaa chake cha kanisa. Mvua za vuli zimeshaanza upande wao na majirani wote wanalima. Ukiweza, shuka. Mwambie kwa Dholuo chako kizuri kwamba zile mbegu hazikumuua mtu. Usipoweza, pokea njugu zake umkumbatie, nami sitakuuliza kamwe ulimwambia nini. Mwezi wa kumi na mbili nitakwenda mwenyewe niangalie kama shambani mwake kuna mahindi au nyasi.

Mama yako,
Madam wa Ochieng'